Kwangu Akinyamaza Sikati

Kabla hajagusa kitambaa chako, Fundi alishona kwanza nguo ya mtu wa kimo cha shibiri moja. Hakujali kama umemletea kaniki au satini. Aliokota masazo chini ya cherehani, akakata, akashona, akatia marinda na hata mifuko, kisha akakinyanyua kile kigauni kwa vidole viwili na kukigeuza huku na huku. Kikimridhisha ndipo alipoushika mkasi mkubwa. Wateja wenye haraka walimlalamikia, naye aliwajibu, "Naanza na mdogo yake. Nikikosea, wacha nikosee huyo mdogo." Vigauni vile alitugawia sisi watoto wa Majengo, pale Kisii mjini, tukavivalisha magunzi ya mahindi. Mimi nilikuwa na magunzi sita, na yote yalivaa vizuri kunishinda.

Mji mzima ulimwita Fundi, nami sitamwita vingine. Alikaa chumba kilichotazamana na chetu, ng'ambo ya ua. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyetokea Mumias, mama yangu Mgusii aliyesilimu alipoolewa. Mama alikuwa na cherehani ya mkono ambayo hakuwahi kujifunza kuitumia, na Fundi alipokuja kupanga, hana kitu ila kifurushi na sindano, mama aliitoa cherehani ile barazani akamwambia, "Ifungue macho, imelala siku nyingi." Wakati ule ushonaji wa barazani ulikuwa kazi ya wanaume. Wanaume hao walimcheka kwa muda wa mwezi mmoja, kisha wake zao wakaanza kuja kwake.

Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilimgombanisha na watu wengi wenye heshima zao. Siku moja alikuja karani wa ofisini na mkewe. Karani alisema, "Mshonee huyu gauni la kijani, refu, la mikono mirefu."

Fundi akamtazama mke. "Nguo itavaliwa na nani?"

"Na huyu."

"Basi huyu aseme."

"Mama, nimeshakwambia kijani."

"Ukileta suruali yako utaniambia. Sasa ngojea."

Akachukua kazi nyingine, akawa anazungusha gurudumu la cherehani taratibu. Yule mke alimtazama mumewe, akatazama miguu yake, akatazama barabara. Tulidhani atalia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Manjano. Na mikono iwe mifupi." Fundi akamwambia, "Asante kwa kusema," kama mtu aliyepewa zawadi. Gauni lile la manjano lilitembea kanisani miaka mitatu, na karani, namsifu kwa hilo, mwishowe alilizoea.

Lakini yeye mwenyewe, huyo aliyewalazimisha wengine kusema, alikuwa mzito wa kusema kuliko watu wote niliowajua. Wakikusanyika watu watatu alijaza pini mdomoni. Ukimkuta peke yake na sisi watoto ndipo ungemstaajabia. Aliweza kumwiga baba yangu akipatana bei ya ngozi, mwalimu wetu akikohoa kabla ya kuchapa, punda wa muuza maji, na ugomvi wa wake wenza wawili wa nyumba ya tatu, akiwasemea wote wawili kwa mpigo. Tulicheka tukaanguka. Mlango ukilia tu, amekwisha kunyamaza, pini ziko mdomoni, anatutazama kama sisi ndio wenye kelele.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda na hakikunjuki. Alipopima nguo kilisimama pembeni. Nilimuuliza kilipatwa na nini. Akasema, "Kilikanyagwa." Nikauliza na nini. "Na buti." Basi. Ilinichukua miaka kupata mengine, vipande vipande, nimesimama juu ya kigoda napimwa, na yaliyobaki niliyapata kwa mama.

Fundi alikuwa msichana wa upande wa Nyaramba, wa miaka kama kumi na tisa, hodari wa kuiga watu. Walipochota maji aliwaiga wajomba zake hata wenzake wakamwaga mitungi. Siku moja mwanamume alikaa ukingoni mwa mto akamsikiliza. Alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani Burma, mwenye koti la kaki, buti, na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na vikaragosi, watu wa mti wanaochezeshwa kwa nyuzi, kazi aliyofundishwa na mzee mmoja wa huko huko. Alizunguka nao sokoni, nyuma ya pazia la kaki. Mikono yake, Fundi alisema, ilikuwa na akili kuliko kichwa. Kasoro yake ilikuwa sauti. Alikuwa nayo moja tu, ya gwaride, hivyo bibi kizee, bi harusi na mbuzi wote walisema kama sajini, na watu walicheka pasipostahili.

"Sasa akasikia mimi," Fundi aliniambia. "Akanipenda. Ama alipenda sauti. Mimi sikujua hiyo ni vitu mbili."

Alimfuata bila ng'ombe hata mmoja kutolewa kwa baba yake. Askari aliahidi kwamba ng'ombe watakuja, na kwamba atamvalisha ebitinge. Hizo ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii huvalishwa vifundoni siku ya harusi yake kubwa, na hazivuliwi mpaka mume afe. Mama yangu alisema mwanamke mwenye ebitinge husikika kabla hajaonekana, na kwa hiyo hakuna wa kumuuliza yeye ni nani hapa.

Maisha yao yalikuwa hivi. Walifika sokoni, Nyamache au Masimba, kabla watu hawajaja. Msichana aliketi chini ya pazia, akafunikwa blanketi la jeshi, na hakutoka mpaka mtu wa mwisho ameondoka. "Wakikuona, sauti itakufa," askari alimwambia. Kwa miaka miwili hakuna mtu wa masoko yale aliyejua kwamba msichana huyo yuko duniani. Walimsifu askari mwenye sauti kumi na mbili. Na nje ya soko alikatazwa kuzungumza na mtu. "Sauti yangu usiigawe bure," alimwambia. Yangu, alisema.

Mimi nilikasirika niliposikia, nikauliza kama alimpiga.

"Hapana. Angenipiga ningekuwa na kitu ya kuonyesha watu. Tukitoka safari alikuwa ananiosha miguu, mwanangu. Maji ya moto. Kidole kwa kidole."

Kisha akatia mishono kadhaa, akaendelea. Askari alichonga kikaragosi chenye sura ya Fundi mwenyewe. Alikichonga miezi minne, akimketisha mlangoni penye mwanga, na Fundi alisema hajawahi kutazamwa na mtu yeyote namna ile, kabla wala baadaye. Nguo za kikaragosi hicho alizishona mwenyewe, na hapo ndipo alipojifunzia kazi. Akimuudhi askari, kwa kuongea na jirani au kuchelewesha chakula, kikaragosi kilitundikwa kwa shingo kwenye mwamba wa mlango, na askari hakumsemesha mpaka alipokitungua mwenyewe. Pengine siku tatu. Na yale aliyomnong'oneza askari nyumbani, kwamba anaogopa vyura, kwamba anamkumbuka mama yake akisikia harufu ya wimbi, aliyakuta sokoni wiki iliyofuata yametiwa mchezoni. Yeye mwenyewe chini ya blanketi ndiye aliyeamriwa kuyasema, watu wakacheka.

Kila mchezo ulimalizika kwa harusi. Siku moja askari alikunja waya, akatengeneza ebitinge ndogo, akamvalisha bi harusi wa mti, kikaragosi kile kile chenye sura ya msichana. Kikaragosi kilicheza, pete zikalia, wanawake wa soko wakapiga vigelegele, na chini ya blanketi msichana aliimba wimbo wa bi harusi, miguu yake mitupu. Alipomkumbusha zake, askari alishangaa kweli kweli. "Mke wangu amevaa. Hukusikia?"

Kilichomtoa kwake ni jambo ambalo mtu asiyekulia Gusii angeweza kulipuuza. Wagusii wana kitu wanachokiita ensoni, heshima na haya ndani ya chungu kimoja. Mzazi na mwanawe hawatamkiani mambo ya aibu, hata kwa mzaha, na anayevunja mpaka huo hajakosa adabu tu, amejitia unajisi. Katika mchezo wa askari kulikuwa na baba mlevi anayetangaza sokoni mambo ya chumbani kwake. Msichana alipoambiwa aseme kama baba wa watu, alitumia sauti ya baba pekee aliyemjua. Hakuona ubaya. Baba yake yuko Nyaramba, nani atajua?

Siku moja huko Masimba, baba mlevi akiwa katikati ya maneno yake, msichana alisikia kikohozi upande wa pili wa pazia. Alikijua. Mzee alikuwa amekuja kumtafuta, akazunguka soko zima, na sasa amesimama mbele ya kikaragosi chenye sura ya mwanawe, anasikiliza sauti yake mwenyewe ikisema uchafu. Msichana akanyamaza. Askari alikuwa amemwona mzee, na alijua ni nani. Buti likashuka juu ya mkono wa msichana.

"Akasema, 'Endelea.' Akakanyaga. Nikaendelea." Fundi aliniambia hivyo akitazama sindano. "Mpaka mwisho. Akaongeza mchezo, ikawa mrefu kuliko siku zote, na mimi nikasema yote. Tata, baba yangu, akaondoka bila kugeuka."

Asubuhi yake askari alipokwenda kutafuta mti wa kuchonga, msichana alikichukua kikaragosi chenye sura yake, akakifunga katika kanga, akatembea hadi Kisii mjini. Nyumbani hakuweza kwenda. Angemtazamaje mzee yule? Ndicho kifurushi alichokuja nacho uani kwetu.

Askari alikuja kumtafuta mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo sehemu hii sikuhadithiwa na mtu. Ilikuwa alasiri, siku ya soko, baraza imejaa. Akaja mwanamume mrefu, mtanashati, koti limepigwa pasi. Nilitegemea jitu lenye pembe, na kusema haki lilikuwa jambo la kuudhi kumwona mzuri vile. Alivua kofia, akamwamkia mama kwa adabu, kisha akafungua kitambaa akaweka juu ya meza ya cherehani pete za chuma, ebitinge za kweli, za miguu yote miwili.

"Nimeleta," akamwambia Fundi. "Na ng'ombe wako njiani kwa mzee. Turudi nyumbani."

Nilimtazama Fundi, na nikaogopa, kwa sababu niliona jinsi alivyozitazama pete zile. Alizitaka. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua mtu anayetaka kitu. Alinyoosha hata kidole akaigusa moja. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na kikaragosi, akampa.

"Muulize," akasema.

Askari alitabasamu, akadhani ni mapenzi. Akazipanga nyuzi vidoleni, na kile kijitu cha mti kikasimama barazani kwetu, kikapiga hatua mbili, pete za waya zikalia. Nywele zangu zilisimama. Kilikuwa Fundi mtupu, ujanani.

"Mke wangu," askari akakiambia, "utarudi nami?"

Kikaragosi kikainua kichwa, kikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kikaufunga, kikaufungua tena. Askari alimtupia Fundi jicho, lile la bwana kwa mfanyakazi aliyesahau zamu yake. Niliona Fundi amekibana kile kidole kibovu ndani ya kiganja cha mkono wa pili. Mdomo wa mti ulifunguka mara ya tatu, ukakaa wazi.

Mzee mmoja rafiki ya baba, ambaye hakupitwa na mzaha, akasema, "Mwari akinyamaza ameridhia!" Watu wakacheka. Askari naye akacheka, akajaribu kusema mwenyewe kwa niaba ya kikaragosi, "Nitarudi, bwana wangu," na ikatoka ile sauti ya sajini. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumsaidia. Alikiachia kikaragosi kikaanguka juu ya vipande vya nguo, akazoa pete zake, akavaa kofia. Alikuwa amefika barabarani Fundi aliposema, si kwa nguvu, lakini sote tulisikia, "Hiyo sauti ni yangu." Kisha akaketi, akazungusha gurudumu, na machozi yakawa yanaangukia kitambaa cha mteja.

Aliyedhani baada ya hapo angeweza kumtukana askari mbele ya Fundi, alikosea. Mama alijaribu siku moja, akamwita shetani. Fundi akang'ata uzi. "Shetani haoshi mtu miguu," akasema. "Nilimpenda. Wewe usininyang'anye hiyo pia." Sikumwelewa wakati ule, na sina hakika namwelewa hata leo. Naandika alivyosema.

Sasa nifike kwenye deni langu, ambalo si la fedha. Nilipokuwa na miaka kumi na saba alinijia mchumba, mfanyabiashara wa Masimba, mtu mzima, mwenye ndevu safi na duka. Alikwisha kumweleza baba kwamba nikiingia kwake sitakuwa na haja ya kutoka wala ya kuzungumza na watu, kila kitu nitaletewa. Baba aliona hiyo ni raha. Aliniuliza mbele ya shangazi, nami kwa haya na kwa woga niliinamisha kichwa. Wakashukuru Mungu, wakanunua satini nyeupe.

Baba mwenyewe aliipeleka ng'ambo ya ua, mimi nyuma yake. "Fundi, mshonee binti yangu gauni la harusi."

"Nguo itavaliwa na nani?"

"Ah, leo usituletee mambo yako. Amekwisha ulizwa, akanyamaza. Kwetu mwari akinyamaza ameridhia."

"Kwenu ndiyo, mzee. Sibishani," Fundi akasema. "Kwangu akinyamaza sikati."

Akaulaza mkasi juu ya satini, akakunja mikono. Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Nilisikia kuku, nikasikia mwadhini akikohoa kujiandaa kwa alasiri. Fundi hakunikonyeza, hakunisukuma, hakunitazama hata kidogo. Alingoja tu. Na katika kungoja kwake niliona ule mdomo wa mti ulivyokaa wazi barazani, nikajua kwamba akinisaidia kwa neno moja tu nitakuwa nimesemewa tena.

"Sitaki," nikasema.

"Asante kwa kusema." Akaikunja satini, akamrudishia baba kwa mikono miwili.

Baba hakunisemesha wiki mbili. Ilibidi sheikh amwambie kwamba kimya cha mwari ni idhini pale tu asiposema, na huyu amesema. Ndoa hiyo haifungwi. Kwangu mambo yakaisha vizuri. Kwa Fundi hayakuisha vizuri. Mchumba alikuwa na jamaa mji mzima, na maneno yakapita kwamba mwanamke yule anaharibu mabinti wa watu. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Mimi niliwekwa ndani, nikatazama dirishani akifunga cherehani ya mama aliyopewa iwe yake, tayari kuhama mji, na sikutoka kumwambia neno. Niliogopa baba. Niliolewa baadaye na mwalimu niliyempenda, nikajifungua binti, na kila furaha niliyoipata nyumbani kwangu iliniuma kidogo mahali pale pale.

Mtoto alipokaribia miaka miwili nilimbeba nikaenda Nyaramba. Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka, cherehani ile ile, miwani mipya, nywele zimeanza mvi. Baba yake alikuwa amemkubali nyumbani. Mzee alichinja mbuzi, wakatakaswa, na Fundi alikaa naye mpaka alipomzika. Askari naye alikuwa amekufa, Fundi alisema, huko Nyamache, naye mwenyewe alikwenda mazishini akasimama nyuma. Kikaragosi kilikuwa kimeketi juu ya kabati, kimevaa kigauni cha marinda. Vifundoni hakikuwa na kitu. "Nilikata na koleo," akasema. "Amekufa. Inatolewa."

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Badala yake nikatoa kitambaa mkobani, nikaanza haraka haraka, kama watu wote wenye aibu. "Fundi, nimekuletea mjukuu. Mshonee kigauni cha buluu, chenye mikono ya—"

Alinitazama juu ya miwani.

Uso ulinichoma. Mimi, miongoni mwa watu wote!

"Nguo itavaliwa na nani?" akauliza, na hakuniuliza mimi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa binti yangu, aliyejificha nyuma ya mguu wangu anakula ncha ya leso. Kisha akaketi, akakunja mikono, kidole kibovu kimesimama pembeni. Tulingoja. Alitupa uji, tukanywa, tukangoja. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua blauzi yake, akauliza tunangoja nini, akaambiwa, akaketi naye kungoja. Mtoto alimtazama Fundi, akatazama kitambaa cha buluu, akakitazama kikaragosi juu ya kabati.

"Sitaki," akasema, na akaketi chini.

Fundi alifungua mdomo, lakini nilimtangulia.

"Asante kwa kusema," nikamwambia binti yangu, na machozi yakanitoka, nikageuka nikamwambia na Fundi pia, "Asante. Asante, Fundi." Naye akakikunja kile kitambaa cha buluu, akanirudishia kwa mikono miwili.